Baiskeli Inayomtosha Sindano

Miguu ya Sindano haijui kutulia. Mchana kutwa inakanyaga cherehani. Usiku inampiga mumewe mateke kitandani.

"Mke wangu," mumewe humwambia, "kwa kukanyaga huko ungekuwa umeshaizunguka dunia."

"Na bado niko hapa hapa," Sindano hujibu. "Hilo ndilo linaloniudhi."

Sindano ni fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ni mfupi, mwembamba na hakai mahali pamoja. Mumewe ni mwokaji mikate. Yeye ni mnene, mpole, na ana unga kwenye nyusi hata siku ya mapumziko.

Mama yake Sindano naye alikuwa fundi. Alishona miaka mingi akiwa amekaa. Leo magoti yake yamegoma. Kutoka kitandani hadi mlangoni kwake ni safari. Sindano akimwangalia mama yake, anaona kesho yake mwenyewe, na roho inamwenda mbio.

Basi akaanza kukimbia asubuhi kabla ya kufungua duka. Kuogelea alijua tangu utotoni, akawa anakwenda bwawani kila wiki. Siku moja akaona tangazo pale bwawani. Kulikuwa na mashindano ya triathloni. Unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Wanaoanza wangepewa njia fupi. Sindano akajiandikisha palepale, nywele zikiwa bado zinachuruzika maji.

"Kuogelea naweza. Kukimbia naweza," akamwambia mumewe jioni. "Nimekwama katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Baiskeli."

Mumewe akakuna nyusi, unga ukamwagika. Akiba yao ilitosha baiskeli moja ya mtumba. Wakikosea, hakuna ya pili. Na mashindano yalikuwa yamebakiza mwezi na siku kadhaa.

Kuanzia hapo Sindano hakula kwa utulivu. Kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili, akitafuta matangazo ya baiskeli. Hatimaye akampata muuzaji aliyekuwa anahama mji. Hakumaliza hata chai. "Twende, twende, ataichukua mtu mwingine."

Muuzaji alikuwa jamaa mrefu kama nguzo ya umeme. Sebuleni kwake kulijaa maboksi. Ukutani ziliegemea baiskeli mbili za mbio, nyepesi, zenye tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Moja ya bluu, inang'aa. Nyingine ya kijivu, imechubuka.

"Ya bluu ni yangu," alisema jamaa. "Ya kijivu ni ya dada yangu. Yeye ni mfupi kama wewe, dada. Bei ni moja."

Sindano akaitazama ya bluu. Akili yake ya ufundi ikafanya kazi haraka.

"Nachukua ya bluu."

"Si kubwa hiyo?" mumewe akauliza.

"Mume wangu, ukimshonea mtoto sare unaacha nafasi. Kubwa inapunguzwa. Ndogo utaivuta na nini? Tutashusha kiti."

"Ijaribu kwanza barabarani," jamaa akasema.

"Nitaijaribu nyumbani. Nina haraka."

Kiti kilishushwa mpaka mwisho wake. Bado Sindano alipopanda, alijinyoosha mbele kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka nyuma ya kabati. Siku ya kwanza shingo ilimuuma. Siku ya pili mikono ilikufa ganzi. Siku ya tatu akashuka mteremko wa kwao, paka akakatiza njia, na Sindano akatafuta breki. Vidole havikuzifikia. Alipozifikia alikuwa tayari ndani ya ua wa jirani, amejifunga shuka mbili za watu zilizoanikwa.

Jirani akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo kwenye shuka zangu?"

"Ni mimi, jirani. Samahani."

"Sindano? Toka humo polepole. Umeumia?"

"Kiwiko tu. Na aibu."

"Aibu haina bandeji. Lete kiwiko."

Jirani huyu anafanya kazi hospitali, kitengo cha viungo. Mtaa mzima unamwita Mnyooshaji, maana mgonjwa akiingia kwake amepinda, hutoka amenyooka, atake asitake. Mwenyewe ameshashiriki triathloni mara kadhaa. Alimsafisha kiwiko, kisha akaiinua baiskeli na kuitazama juu hadi chini. Mume wa Sindano akaja mbio na aproni yake.

"Shemeji, hii baiskeli mmeinunua kwa ajili ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Mbona ya mtu mwenye miguu ya korongo?"

"Kubwa inapunguzwa," Sindano akasema, lakini sauti ilikuwa imeishiwa nguvu.

Mnyooshaji akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Haya, fundi. Mteja akikuletea koti, mikono mirefu, utafanyaje?"

"Nakata."

"Kiuno kikubwa?"

"Napunguza."

"Na mabega yakiwa makubwa?"

Sindano akatikisa kichwa. "Koti la hivyo silishiki. Kugusa mabega ni kulifumua lote. Namwambia akatafute jingine."

"Sasa tazama." Mnyooshaji alipitisha kidole kwenye bomba la juu, kutoka kiti hadi usukani. "Hapa ndipo mabega ya baiskeli. Kiti kinapanda na kushuka. Bomba hili halifupiki. Likikuzidi, shingo itauma, mikono itakufa ganzi, na breki utazisikia kwa mbali kama harusi ya mtaa wa pili."

Sindano akashika kichwa. "Nimepima watu tangu nina akili. Mwenyewe sikujipima."

"Kinyozi hajinyoi," mumewe akasema kwa upole.

"Wewe nyamaza, na unga wako."

"Simama hapa, nikuonyeshe," Mnyooshaji akasema. "Weka bomba katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Juu ya bomba lazima ibaki nafasi, angalau upana wa vidole viwili. Wewe hapa huna hata nafasi ya uzi. Halafu kaa, shika pale juu ya breki. Viwiko vikunjike kidogo, vidole vifike breki bila kuvuta bega. Ukiweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Baiskeli ikikataa hayo, iache, hata kama imepakwa dhahabu."

Sindano hakungoja. Akampigia yule jamaa mrefu, akamwomba wabadilishane. Baiskeli ya kijivu ilikuwepo bado, ila kulikuwa na mtu anakuja kuiona. Walifika kwake wote watatu wakihema, ya bluu wakiikokota.

Ya kijivu ilimkaa Sindano vizuri. Nafasi ilikuwepo, breki zilifikika. Akaanza kutabasamu. "Hii hii. Twende nayo."

"Ngoja," Mnyooshaji akasema. Alikuwa amepiga magoti, anapangusa fremu kwa kitambaa, akipitisha ukucha kila kiungo. Chini karibu na pedali ukucha ukakwama. "Lete mwanga."

Mumewe akawasha simu. Palionekana mstari mwembamba, kama unywele, unazunguka bomba.

"Si mchubuko tu wa rangi?" Sindano akauliza haraka.

"Rangi ikichubuka ni kovu. Huu ni ufa. Ukucha unaingia. Hii ni aluminiamu, si ya kupeleka kwa mchomeleaji yeyote wa mtaani. Inaweza kukatika ukiwa kwenye mteremko."

"Labda itavumilia mashindano tu. Siku moja."

"Mwenzangu, na shuka za kukudaka huko barabarani atazianika nani?"

Jamaa mrefu naye akainama kuangalia, akashtuka kweli. "Sikujua, dada. Hii haiuzwi tena. Huyo anayekuja nitamwambia arudi kwake."

Sindano akakaa juu ya boksi. Miguu yake ilitulia, na mumewe akaogopa, maana hajawahi kuiona imetulia mchana.

"Basi," Sindano akasema. "Nitarudi kwenye cherehani yangu. Nitazeeka hapo, kama mama."

Jamaa mrefu akatafakari. "Tuna kikundi cha waendesha baiskeli. Kila mmoja anazijua baiskeli za wenzake, nzima na mbovu. Mle kuna mwalimu wa hesabu, mfupi kama wewe. Alisema ana baiskeli haitumii. Na ya bluu, yupo mwenzetu mrefu anatafuta ya aina hiyo. Njooni tunapokutana."

Wakaenda. Yule mwenzao mrefu akaijaribu ya bluu, akamlipa Sindano pesa zake, akaondoka nayo anafurahi. Mwalimu wa hesabu akaleta yake. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, rangi ya chai iliyopoa. Mume wa Sindano akaikunjia uso.

"Imezeeka hii."

"Uzee si ugonjwa, shemeji," Mnyooshaji akasema. "Fundi, safari hii kagua mwenyewe. Mimi nasimama tu."

Sindano akaanza na kujipima. Ikamtosha. Akapitisha ukucha kwenye fremu, kiungo kwa kiungo. Hapakuwa na ufa wala kutu iliyokula chuma. Akainua magurudumu akayazungusha. Yalikwenda sawa, hayakuyumba. Akabana breki moja moja na kuisukuma baiskeli. Ya nyuma ililegea.

"Waya umechoka," mwalimu akakiri. "Na mnyororo umevutika. Tairi nazo zina nyufa."

"Umeipata wapi baiskeli hii?" Sindano akauliza.

Mwalimu akacheka. "Swali zuri. Wengi hawaulizi, halafu mwenye mali anawakuta njiani na polisi. Risiti ya duka ninayo, na namba yake iko hapa chini ya fremu. Linganisha."

Sindano akalinganisha. Kisha akaipanda, akaenda na kurudi, akibadilisha gia zote. Hakujinyoosha na wala hakujikunja.

"Naitaka," akasema. "Lakini waya, mnyororo na tairi vyote ni juu yangu. Nipunguzie."

"Kiasi gani?"

Mumewe akaingilia. "Mwalimu, wewe ni wa hesabu. Toa tu."

Wote wakacheka, na mwalimu akatoa. Kilichobaki kilitosha kumlipa fundi baiskeli na kununua kofia ngumu. Mumewe alitaka kofia nayo iwe ya mtumba.

"Kofia nunua mpya," Mnyooshaji akasema. "Iliyowahi kuanguka huwezi kuijua kwa macho. Kichwa hakina mtumba."

"Na baiskeli maalumu za triathloni, zile za kulalia mbele?" Sindano akauliza.

"Achana nazo. Anayeanza anahitaji baiskeli nzima inayomtosha. Basi."

Siku ya mashindano Sindano alitoka majini akiwa katikati ya kundi. Kwenye baiskeli walimpita wengi. Walipita na magurudumu yanayovuma kama nyuki, yeye akiwa juu ya chuma chake cha rangi ya chai. Aliendelea kukanyaga. Alisubiri shingo ianze kuuma, ikakataa. Mteremkoni akabana breki mapema, baiskeli ikamsikiliza. Alipoanza kukimbia, miguu ilikuwa mizito kama magunia ya unga, lakini ilikwenda mpaka mwisho.

Mama yake alikuwa ameletwa kwa gari, amekalishwa kwenye kiti karibu na utepe wa mwisho.

"Umekuwa wa ngapi?" mama akauliza.

"Wa mwisho mwisho, mama."

"Nyuma yako kuna nani?"

"Wawili. Na gari la wagonjwa."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaishika ile baiskeli, akakisukuma kiti chake kwa kiganja, kama anayepima kitambaa dukani.

"Kesho utaamkia kwenye cherehani?"

"Kesho nina mashati ya watu, mama. Lakini kazini nitakwenda na hii. Na kila siku."

"Basi uwe mwangalifu," mama akasema. "Huko barabarani kuna watu wana haraka kuliko wewe."

Mumewe akawatazama wote wawili. "Mama, watu hao bado hawajazaliwa."