Moti na Kitanda cha Mtoto

Zalak ninafanya naye kazi duka moja la vitambaa Kariakoo, na si mtu wa kuzua mambo. Alisubiri mimba miaka sita. Ilipofika mwezi wa saba, mbwa wake Moti akabadilika. Alimfuata mpaka mlango wa choo, na kila alipokiona kile kitanda cha kubembea alichomnunulia mtoto, alikiungurumia.

Zalak akampigia simu daktari wa mifugo.

"Ni wivu tu, dada," akamwambia. "Mzoeshe vitu vya mtoto mapema. Mwache anuse, mpe kinyama, usimgombeze."

Alifanya hivyo siku tatu. Moti hakugusa hata nyama.

Jumapili mchana mvua kubwa ikanyesha, umeme ukakatika, nyumba ikawa giza. Zalak yuko sebuleni anakunja nguo za mtoto, mara akasikia kule chumbani: kwii, kwii. Kitanda kinabembea.

"Moti! Shuka hapo!"

Akahisi pua ya baridi mguuni. Moti alikuwa pale pale sebuleni, anatetemeka. Aliuma pindo la gauni lake, akamvuta nyuma.

Zalak akaenda hivyo hivyo, akawasha tochi ya simu. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetulia. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Katikati yake, upande wa ndani wa nailoni, palikuwa na ukungu mdogo kama wa pumzi. Ukafifia. Ukarudi. Ukafifia tena, ukarudi.