Jumatano za Sista

Korido ya wagonjwa wa nje ilikuwa imefurika, na katikati walisimama wanafunzi arobaini wa kidato cha tatu, madaftari mkononi, wameziba njia ya machela.

"Hawa watoto wa nani?" nesi alifoka.

"Wangu wote," alijibu kijana mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka. "Nimewaleta waone hospitali ya umma inavyofanya kazi."

"Basi somo la kwanza: haifanyi kazi mkiziba mlango, Mwalimu."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akaomba namba ya simu, eti ya kumwalika darasani. Eti!

Nesi akawa anakwenda kila Jumatano. Aliwaeleza kazi za maabara, ukunga na famasia, maana wote walidhani afya ni udaktari tu. Ubaoni aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kufikia mwezi wa tatu, yeye na Mwalimu walikuwa wakipanga harusi ya Desemba.

Mwezi wa nne, mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau aliingia kliniki kuchukua majibu.

"Wewe si ndiye yule wa kwenye picha, kwenye simu ya mwanangu mwalimu?"

Majibu yalikuwa saratani ya ini, na ilikuwa imeshasambaa.

"Asijue," mama alisema. "Ataacha kila kitu aje kunililia kitandani. Nataka acheke na mimi kama kawaida."

"Mama, nakuomba, mwambie mwenyewe."

"Wiki ijayo, mwanangu."

Kila kliniki nesi alimsihi, na kila kliniki ikawa wiki ijayo. Usiku mmoja Mwalimu alipiga simu.

"Sista wangu, mama anakonda. Anasema ameacha mafuta tu. Wewe unaonaje?"

"Mkalishe chini umuulize, mpenzi."

"Nimemuuliza, ananicheka."

"Muulize tena."

Alikata simu, akalia na taulo mdomoni ili majirani wasisikie.

Mwezi wa tisa mama alianguka jikoni. Mwalimu alimleta mwenyewe, na daktari alipofungua faili mezani, Mwalimu aliuona mwandiko ule ule wa Jumatano, ukurasa baada ya ukurasa. Akamfuata nesi chumba cha sindano.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi mitano! Tunapanga harusi, mama ndiye mwenyekiti wa kamati, na wewe umenyamaza kimya!"

"Alinikataza. Mgonjwa akikataza—"

"Usinifundishe, Sista!"

Siku nne Mwalimu hakupokea simu yake. Siku ya tano nesi alimkuta nje ya wodi, karibu na toroli la dawa. Shati lake lilikuwa limejikunja, ndevu zimemwota.

"Mama amenieleza yote. Kwamba ulimsihi."

"Nilimsihi sana."

"Wanafunzi wakiniuliza, nitawaambia ulifanya sawa. Na nitakuwa nasema ukweli."

Moyo wa nesi ulimruka. Akanyoosha mkono, lakini Mwalimu akarudi nyuma.

"Ila nikikutazama naiona ile miezi mitano. Ningemsindikiza kliniki. Ningekaa naye. Nimejaribu kusahau, Sista, nimeshindwa. Nisamehe."

Nesi alitamani amchukie, ingekuwa nafuu. Lakini Mwalimu alikuwa na haki, na yeye pia alikuwa na haki, na haki zote mbili hazikuwasaidia kitu. Alimtazama akishuka ngazi, kisha akaenda kitanda cha saba kubadilisha dripu.

Mama alifungua macho kwa shida. "Nimemsikia hapo nje. Mmepatana?"

Katika miaka tisa ya kazi, nesi hakuwahi kumdanganya mgonjwa.

"Tumepatana, mama. Harusi iko pale pale."

Mama akatabasamu, akamshika mkono, na akaanza kuuliza habari za kamati.