Deni la Marehemu Kinanda

Mama alirudi kutoka kazini saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti kabla hata ya kuitikia shikamoo ya binti yake. Alikuwa dobi wa hospitali. Tangu alfajiri alikuwa amesimama kwenye sakafu yenye maji akitenganisha mashuka ya wodini: yenye damu yalowekwe kwenye maji baridi, mengine yaende kwenye mashine, na yaliyokauka yasubiri pasi ya mvuke. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alama za viatu zilibaki kwenye ngozi.

"Marahaba, mwanangu," alisema baada ya muda. "Niletee beseni la maji. Halafu niache nilale kidogo."

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa wembamba wake na kichwa chake kikubwa, baba yake alimbandika jina la Kijiko, na jina likaganda. Baba mwenyewe alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Alikuwa haachi kuimba akiwa kazini, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kinanda, na jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Alifariki mwaka uliopita. Kitu cha maana alichoacha ni kompresa, ile mashine ya upepo ya kupulizia rangi. Mama aliikodisha kwa fundi mwenzake, na kodi ya kila mwezi ndiyo iliyolipa ada ya Kijiko na ya mdogo wake.

Mama alikuwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi simu yake ilipoita mezani. Kijiko aliiwahi isimwamshe. Simu hiyo ilikuwa imeharibika pa kusikilizia, kwa hiyo waliitumia kwa kipaza sauti. Alitoka nayo nje.

"Naongea na mama mwenye nyumba?" aliuliza mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Hapana, mimi ni binti yake. Mama amelala. Ametoka kazini."

"Mpe pole. Siku hizi anafanya kazi wapi?"

"Hospitalini. Ni dobi."

"Na baba yupo?"

"Baba alifariki mwaka jana."

"Pole sana, binti. Nataka tu kuhakikisha sijakosea namba. Mzee alikuwa na shughuli gani?"

"Alikuwa anapaka rangi magari. Kinanda. Kila mtu anamjua."

"Ndiye huyo huyo. Basi usimsumbue mama, nitapiga tena."

Kijiko alirudisha simu mezani. Alijiona ameongea vizuri kama mtu mzima. Mama alipoamka, Kijiko hakumwambia kitu, kwa sababu hakuona la kumwambia.

Kesho yake, saa ile ile, simu iliita tena. Safari hii mama ndiye aliyepokea, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kavu, isiyo na salamu.

"Hapa ni ofisi ya kukusanya madeni. Marehemu mume wako, Kinanda, alichukua mkopo wa kununulia rangi za magari. Pamoja na riba, deni limefika laki mbili. Wewe ndiye unayetakiwa kulipa."

"Mume wangu hakuwahi kuniambia habari ya mkopo huo," mama alisema.

"Wangapi wanawaambia wake zao? Tunajua unafulia hospitalini. Usipolipa tutakuja huko na polisi, wenzako wakuone unavyotolewa. Leo tuma elfu arobaini, tujue una nia njema."

Kijiko alikuwa anapanga vyombo. Aliposikia "Kinanda", akasikia "hospitalini", aliweka chini sahani aliyoishika. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamerudi kama yalivyotoka. Alitaka kumwambia mama, kisha akarudia vyombo vyake. Labda ni kweli baba alikopa, alijiambia. Tena angesema nini? Kwamba yeye ndiye aliyewaeleza wanaodai mahali pa kumpata mama?

Mama alituma elfu arobaini jioni hiyo. Hazikusaidia kitu. Simu zilizidi, mara nne kwa siku, mara sita. Waliowahi kupiga kwa ukali walipiga kwa upole, na wa upole wakarudi na ukali. Mama aliomba zamu za ziada, akawa anarudi jua likizama. Chakula alikigusa tu na kukisukuma pembeni. Kazini alichanganya mashuka, akasemwa na msimamizi mbele ya watu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Siku moja Kijiko alimkuta amekaa kitandani na picha ya baba mapajani.

"Miaka kumi na mitano ya ndoa," mama alikuwa akiiambia ile picha. "Kwa nini hukuniambia?"

Kijiko alirudi nyuma taratibu. Usiku wake hakulala vizuri, na shuleni siku iliyofuata mwalimu alimwita mara mbili ndipo akaitika.

Wiki ya pili ikaisha hivyo. Ijumaa, waliopiga simu walitoa siku ya mwisho: laki moja kesho kabla ya adhuhuri, iliyobaki Jumatatu. Mama alikopa kwa madobi wenzake, huyu kidogo, yule kidogo. Kwa ile ya Jumatatu, alikubaliana na fundi aliyekodi kompresa ainunue moja kwa moja, kwa nusu ya bei.

"Na ada yetu je, mama?" Kijiko aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Kwanza hawa waniache nipumue."

Jumamosi asubuhi mdogo wake Kijiko, ambaye alikuwa na miaka saba, alikuwa anavaa shati huku akiimba wimbo mmoja wa baba yake. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kufoka, alimgeukia.

"Nyamaza. Sitaki kuusikia wimbo huo humu ndani."

Mtoto alinyamaza, shati likiwa limeingia mkono mmoja. Hakulia, aliduwaa tu. Kijiko alimalizia kumvalisha.

Wote watatu walikwenda kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Mwenye kibanda aliitwa Mama Chenji, kwa sababu chenji hakuwahi kuwa nayo tangu afungue biashara. Alihesabu noti, akabonyeza namba aliyopewa, kisha akatulia akitazama jina lililotokea kwenye simu.

"Dada, hili ni jina la mtu, si la ofisi. Ni ndugu yako?"

Mama aliinamisha uso. "Ni deni la marehemu. Wanataka kabla ya adhuhuri."

"Deni la ofisi gani?"

"Ofisi ya madeni."

"Inaitwaje?"

Mama alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona kwamba hajui. Wiki mbili nzima hakuwahi kuambiwa jina.

"Karatasi ya mkopo umeiona? Yenye sahihi yake?"

"Walisema nikimaliza kulipa ndipo watanipa."

Mama Chenji alizirudisha noti kwenye dirisha. "Kamisheni yake ningeipenda, maana leo sijauza kitu. Lakini situmi. Pita ndani ukae."

"Wanajua kila kitu changu," mama alisema. Alikuwa ameishiwa nguvu hata za kubisha. "Wanajua ninapofanya kazi, wanajua kazi ya mume wangu. Mtu baki angejuaje?"

Hapo Kijiko alishindwa kuvumilia.

"Mama, walijua kwangu," alisema. "Siku ile umelala nilipokea simu. Mtu akaniuliza, nikamwambia. Nilimwambia hospitali, nikamwambia baba amefariki, nikamwambia Kinanda. Nilipowasikia wanakutisha nilijua ni maneno yangu. Niliogopa kusema." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyafuta.

Kijiko alisubiri kofi au karipio, lakini mama aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa kibanda na kufumba macho.

"Ulimwambia Kinanda?" Mama Chenji alidakia. "Hukumtajia jina lake la kwenye kitambulisho?"

"Kinanda tu."

"Na hao wanamdai Kinanda." Mama Chenji alicheka kidogo, bila furaha. "Dada, hakuna karani duniani anayeandika jina la utani kwenye fomu ya mkopo. Mimi nisingekueleza haya kwa uhakika kama nisingekuwa nimeliwa mwenyewe. Waliniambia dada yangu amekopa, nikatuma mara mbili, na ndiyo kazi yangu kila siku kushika pesa za watu. Niliona haya kusema hata kwa mume wangu."

Simu ya mama iliita. Ilikuwa namba yao. Mama Chenji alichukua kipande cha karatasi, akaandika haraka, akamsogezea. Mama alipokea.

"Muda unakwisha," ilisema ile sauti kavu. "Pesa iko wapi?"

"Nina maswali kwanza," mama alisema, akisoma. "Jina kamili la aliyekopa, kama lilivyo kwenye karatasi zenu."

"Ni Kinanda, mume wako. Unatuchezea?"

"La kwenye kitambulisho."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu akinong'ona.

"Alikopa tarehe ngapi?" mama aliendelea. "Na ofisi yenu iko mtaa gani? Nitakuja mwenyewe na cheti cha kifo, mnioneshe sahihi yake."

"Sasa tunakuja na polisi. Utalala ndani leo."

"Njooni nao," mama alisema kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoka. "Mimi nimekaa. Miguu inaniuma, siendi popote." Akakata simu.

Walingoja mpaka adhuhuri ikapita. Alikuja mteja mmoja tu, akitaka kutoa pesa.

Hata hivyo mama hakutaka kuamini kwa kubahatisha. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda na Kijiko kwenye chama cha akiba na mikopo cha mafundi, mahali pekee alipojua kwamba baba aliwahi kukopa. Karani alitafuta kwa jina halisi la marehemu, akageuza kitabu ili mama asome mwenyewe. Mkopo ulikuwa mmoja, wa kununulia kompresa, na ulikuwa umelipwa wote miaka miwili kabla hajafariki.

Kutoka hapo walipita kituo cha polisi. Askari wa kike aliandika maelezo yao, akanakili namba zote zilizopiga na jina la aliyepokea pesa. Alisema ataiandikia kampuni ya simu namba hizo zifungwe, na kwamba mama alikuwa mlalamikaji wa tano wiki hiyo. Kuhusu ile elfu arobaini hakutaka kuwapa matumaini ya bure. Mama alishukuru. Alikuwa ameshampigia fundi, kompresa haiuzwi tena, na madobi wenzake walikuwa wamerudishiwa chao.

Njiani mama alichoka, wakakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Kijiko aliangalia chini.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kibandani. Lakini nisikilize." Mama alinyoosha miguu. "Mtu usiyemjua akipiga simu, habari za nyumbani usimpe, hata akiwa na sauti ya malaika. Mwambie apige baadaye, basi. Mwenye deni la kweli ana ofisi, ana karatasi, na haogopi kuulizwa. Anayekukimbiza na kukutisha hataki upate nafasi ya kufikiri wala ya kumuuliza mwenzako. Mimi nilikimbia nao wiki mbili kwa sababu nilichoka na niliona aibu. Ningemwambia mtu mmoja tu, yangekwisha siku ya kwanza."

Alivua viatu, akakanda nyayo.

"Pesa nitaitafuta. Kinachoniuma ni kwamba nilimkasirikia baba yako, naye hakunikosea chochote."

Kijiko alimshika mkono. Viganja vya mama vilikuwa vikavu na vimepasuka kwa sabuni.

"Na wewe," mama alisema, "ukikosea tena, maana utakosea, usikae nalo kosa peke yako. Niambie siku hiyo hiyo. Hata ukinikuta nimelala fofofo, hata kama nimetoka zamu mbili, niamshe."