Ndiga Zisizolowekwa

Wazazi wenzangu, kaeni mnisikilize, na ninyi watoto mnaochungulia hapo mlangoni, sogeeni. Mimi Mama Mahmudu sina ulimi wa kubembeleza. Nitawaambia yaliyoipata nyumba ya jirani yangu Safari, mwaka ule wa Operesheni Vijiji.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, upande wa Chiungutwa. Jioni nyumba ile ilipendeza kuitazama. Safari anachonga mipini ya majembe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake, mkewe anapepeta, na mwana wao Nurdini, aliyetoka jando muda si mrefu, amembeba mgongoni mdogo wake Sikuzani, wanazunguka ua wakicheka. Sikuzani alikuwa hajafikia hata umri wa kutumwa chumvi kwa jirani. Kaka yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake, farasi wake na mlinzi wake.

Kisha njaa ikaingia. Mihogo tuliiacha kwenye mahame, kule tulikohamishwa, mvua ikagoma, tukarudi porini kuchimba ndiga. Ninyi watoto wa leo hamzijui. Ndiga ni viazi vya mwitu vyenye sumu. Unamenya, unakata vipande vyembamba, unatia kwenye tenga, na tenga unalizamisha kijitoni, maji yapite siku tatu mpaka sumu iishe. Ukifanya haraka, umejipikia kifo. Na tenga lazima lilindwe usiku na mchana, kwa sababu mwaka ule hata watu wazuri waliiba.

Kazi hiyo Mama Nurdini alimpa mwanawe. "Sasa wewe ni mtu mzima," alimwambia. "Lala hukohuko na tenga mpaka nikufuate."

Nurdini hakukaa sana pale kijitoni, akatokea rafiki yake Anselmo, mtoto wa wakimbizi wa Msumbiji. Anselmo alikuwa amesikia kwamba ndege ya Wareno imeanguka kule juu mlimani, njia ya kwenda Newala.

"Twende tukavunje kipande cha bawa," alisema. "Kesho tumesharudi."

Nurdini akalitazama tenga. Akiliacha majini, wezi watalichukua. Basi akalitoa, akalificha kwenye matete, pakavu, akijiambia atalirudisha akirudi.

Walipanda, wakapotea, wakalala chini ya mikorosho ya watu. Kutoka juu waliliona bonde la Ruvuma na moshi wa vita ng'ambo. Ndege hawakuiona. Kitu kilichodhaniwa ni ndege kilikuwa bati la kibanda lililobebwa na upepo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walikuwa watoto, jamani, na safari ile ilikuwa tamu.

Nurdini alirudi siku ya tatu asubuhi. Ndiyo kwanza amelitumbukiza tenga majini, mama yake huyo anakuja.

Mtaniuliza, kwa nini asiseme tu? Nitawajibu. Mwaka uliotangulia alivunja jembe la baba yake, akaenda mwenyewe kusema. Safari alimchapa mpaka fimbo ikakatika, mtaa mzima ukisikia. Tangu siku hiyo mtoto yule alijua ukweli unauma wapi.

"Zimekaa siku zote?" mama akauliza.

"Zimekaa, mama."

Mama Nurdini akachukua kipande ili akiguse kwa ulimi, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Ndiga ambayo haijalowa vya kutosha huwasha ulimi.

"Mama, bado unanichunguza kama mtoto?" Nurdini akasema. "Jandoni tumefundishwa neno la mwanamume ni moja."

Mama wa watu akaona haya. Amvunjie heshima kijana aliyetoka jando? Akakirudisha kile kipande bila kukionja, akajitwisha tenga, wakaenda nyumbani.

Chakula kilipoiva, Sikuzani alikuwa wa kwanza kunawa. Nurdini akasema hana njaa. Safari alitafuna kidogo, akasita.

"Mbona zinawasha? Umeziloweka sawasawa, wewe?"

Pale, wenzangu, mlango ulikuwa bado wazi. Mtoto alimtazama mdogo wake anavyokula, akaitazama mikono ya baba yake.

"Ndiyo, baba," akajibu.

Hata jua halijazama Sikuzani alianza kutapika, macho yakageuka, mwili ukamkakamaa. Safari naye alikuwa anatapika, lakini alimweka mtoto kwenye baiskeli, mkewe, ambaye alikuwa hajala bado, akimshikilia, waende hospitali Masasi. Nurdini akakimbia nyuma yao akipiga kelele, "Baba, sikuziloweka! Niliondoka! Sikuziloweka!" Sasa ndiyo anasema. Hawajafika nusu ya njia, Sikuzani akakata roho.

Nilimwosha mimi yule mtoto. Kwenye pindo la kikanga chake nilikuta fundo, nikalifungua. Kulikuwa na vipande viwili vya ndiga. Alimwekea kaka yake, kwa kuwa alisikia kaka hakula. Nililia pale mpaka wenzangu wakanitoa nje.

Nilitaka kuvitupa, kisha nikaona katika nyumba ile kumefichwa vya kutosha. Nikampa Safari, nikamweleza. Akaenda navyo kwa mwanawe, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya nyumba akingoja fimbo. Safari hakubeba fimbo. Aliketi mchangani karibu naye.

"Ungeniambia tu, mwanangu."

"Niliogopa, baba. Siku ya jembe nilikuambia."

Safari alifunika uso. Sijawahi kumwona mwanamume akilia vile, na sitaki kuona tena.

FUNZO

Vijana, jando halimfanyi mtu kuwa mtu mzima. Utu uzima ni kusema "nimekosa" wakati bado kuna la kuokoa. Nurdini aliulizwa mara mbili, na jibu moja la kweli lingetosha. Leo ni mzee, ana wajukuu, na ndiga hajazigusa maishani mwake.

Na ninyi wazazi msinitazame kama hayawahusu. Ukimchapa mtoto kwa kusema kweli, hujamfundisha kutokosea, umemfundisha kuficha. Lile jembe, kama hamjui, lilivunjika mpini tu. Na baba yake alikuwa mchonga mipini.