Kuku wa Kumtuliza Bosi

Ndunge alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi kwenye ghala la ndengu pale Kambu. Miaka sita alipepeta ndengu, akatoa mawe, akashona magunia. Hakuwahi kulaumiwa hata siku moja.

Jumatatu moja, magunia mawili hayakuonekana. Mwenye ghala, Bwana Ndululu, alimnyooshea kidole mbele ya wote.

"Jumamosi ni wewe ulifunga ghala. Toka! Sitaki mwizi hapa."

Basi, ikawa hivyo! Hakuulizwa, hakusikizwa. Jioni soko zima lilikuwa na habari. Jumapili, kanisani, watu walihama benchi lake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mpelekee kuku," alisema mama mkwe wake, Nzisa. "Atulie moyo, akurudishe."

"Lakini sikuiba, mwaitu, mama yangu!"

"Najua, mwanangu. Peleka tu, yaishe."

Akapeleka. Ndululu alimpokea kuku, akamla, kisha akatangaza: "Mmeona? Amekubali mwenyewe kwamba aliiba!" Mtu mzima, hana hata haya!

Ndunge alikwenda akilia kwa jirani yake Fartun, muuza vitambaa. Zamani Fartun alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani, na mambo ya sheria ya kazi aliyajua vizuri.

"Ulipewa barua ya kufutwa?" Fartun aliuliza.

"Hata ya kuajiriwa sina. Mimi ni kibarua tu."

"Kibarua wa miaka sita? Wacha mchezo! Sheria inakulinda. Kabla ya kukufuta, lazima akuambie kosa lako kwa lugha unayoelewa. Lazima akusikize, ukiwa na mwenzako wa kazini. Na kuthibitisha sababu ni kazi yake."

"Na yule kuku?"

"Walahi, kuku si ushahidi! Twende kwa afisa wa kazi. Usikawie. Miaka mitatu ikipita, kesi yako haitasikizwa."

Afisa alimwita Ndululu. Ndululu akakataa kuja, na kesi ikaenda mahakama ya kazi. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini Ndunge hakukosa kufika mahakamani siku hata moja.

"Ulimwita lini ajitetee?" jaji alimuuliza Ndululu.

"Sikumwita, mheshimiwa."

"Ushahidi wa wizi uko wapi?"

"Mheshimiwa... aliniletea kuku."

Watu waliangua kicheko. Jaji hakucheka.

"Kuomba amani si kukubali wizi," alisema. "Alifutwa bila haki. Arudishwe kazini, na apewe barua ya kusafisha jina lake."

Ee, siku hiyo Kambu ilisikia vigelegele! Nzisa ndiye aliyepiga zaidi ya wote. Jumapili, benchi la Ndunge lilijaa mpaka wengine wakakosa nafasi.

Miezi miwili baada ya Ndunge kurudi kazini, gunia alilopima Mutanu, mfanyakazi mwingine, lilipungua kilo kumi. Ndululu alifoka, "Wewe Mutanu! To..." Akamwona Ndunge.

"Kesho saa nne uje ofisini unieleze," alisema polepole. "Na uje na mwenzako mmoja."

"Nakuja na Ndunge," Mutanu akajibu papo hapo.