Swichi Chini ya Usukani

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Isevya mjini Tabora. Kazi yangu ni kuuza mchele. Nimekwisha kulia vya kutosha, wasomaji wenzangu, kwa hiyo nitawasimulia kwa utaratibu, kama mambo yalivyofuatana.

Mimi na mume wangu, baba Zawadi, tulinunua pikapu kuukuu ya milango minne kwa jasho la wote wawili. Nilijifunza kuendesha nikapata leseni, maana mpunga wangu unatoka Bukene, na huko ndiko kwetu. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha. Baadaye watu walipoanza kusema "gari la mama Zawadi", furaha ile ikakauka.

Siku moja alirudi kutoka gereji, akafungua boneti na kuniita. Alikuwa ameng'oa feni ya asili, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, na mahali pake zimefungwa feni mbili za umeme zilizotolewa kwenye gari dogo lililokufa. Alinieleza kwa majivuno kwamba sasa injini itakuwa nyepesi, mafuta yatapungua, na feni zitajiwasha zenyewe maji yakipata moto. Zenyewe! Neno hilo sitalisahau.

Wakati huo alikuwa akija kwetu Yudita, mwanamke wa Kigogo aliyepanga Cheyo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu wapagazi walipokatiza nchi yao na misafara ya kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi. Aliingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria, akaniita mke mwenza mbele ya majirani.

"Mke mwenza, mume wetu unamlisha nini? Mbona amekonda?"

"Amekonda kwa uwele wenu wa Ugogo," nilimjibu.

Tulicheka hadi machozi. Baba Zawadi alicheka kuliko wote... Hivi wewe ungemshuku vipi mtu anayelitamka jambo hadharani, mchana kweupe?

Kisha yakaja masika ya maisha yangu. Mume wangu aliaga kwamba anapanda treni kwenda Kigoma. Kesho yake nikapigiwa simu kutoka Bukene: mama ameshikwa na tumbo. Kwenye kituo cha afya walisema utumbo umejisokota, apelekwe Nzega akapasuliwe haraka, na gari lao la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mama mwenye uchungu wa kujifungua. Nilichukua ufunguo wa akiba, nikaondoka.

Kutoka Tabora hadi Nzega ni lami. Mshale wa joto ulitulia, nami sasa najua kwamba upepo wa mwendo ndio uliokuwa ukiipoza injini. Kutoka Nzega kwenda Bukene ulipanda kidogo. Nikaongeza maji, nikaona ni kawaida ya gari kuukuu.

Tukamlaza mama kiti cha nyuma, mama mdogo akimpakata kichwa. Jua lilikuwa la utosini. Kila shimo mama alilia, kwa hiyo nilikwenda polepole, polepole sana... na huko polepole ndiko kulikotumaliza. Mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Niliposhuka kutazama, feni zote mbili zilikuwa zimesimama kimya.

Nikampigia mume wangu.

"Feni hazizunguki, baba Zawadi. Nina mama humu ndani. Nifanye nini?"

Mama alikuwa akilia nyuma yangu, na ninajua mume wangu alimsikia. Akasema, "Nani alikuruhusu kuligusa gari? Subiri lipoe."

Akakata simu. Sikumpata tena.

Nilichota maji ya kwenye majaruba ya mpunga kwa dumu, nikajaza rejeta, tukasogea, likachemka. Tukapoza, tukasogea, likachemka tena. Mara ya mwisho mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, acha, gari lako limechoka kama mimi." Alinyamaza kabla hatujaiona Nzega.

Baba Zawadi alifika msibani kesho yake, akawa analiendesha gari lilelile kubeba maji na kuni, na halikuchemka hata mara moja! Aliwaambia wanaume chini ya turubai kwamba alishanikataza, mwanamke hajui kusikiliza injini. Ndugu zangu wa damu wakaanza kunitazama kwa pembeni. Nami nikaamini kwamba nimemuua mama yangu kwa mikono yangu.

Siku ya kuzika watani walikuja, Yudita akiwa mbele. Alijifunga kanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake wa kuchechemea, akazuia jeneza lisitoke mpaka watani wapewe jogoo. Ndiyo mila. Hata mimi nilitabasamu.

Jeneza lilipotolewa, pikapu ilikuwa imeziba njia. "Mke mwenza, ngoja nilisogeze gari letu," alisema, akapanda.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Aliwasha injini, na bila kutazama akapeleka mkono chini ya usukani, kama mtu anayepapasa komeo la mlango wake mwenyewe. Papo hapo feni zikavuma.

Injini ilikuwa bado baridi. Feni za kujiwasha zenyewe zingesubiri moto.

Tuliporudi kutoka makaburini nilipapasa mahali pale. Nikaigusa swichi ndogo, imefichwa nyuma ya plastiki. Baadaye fundi alinieleza kwamba yeye alifunga kifaa cha kuziwasha feni kwa joto, lakini mume wangu alirudi akataka kiondolewe na iwekwe swichi ya siri. Alisema ni kwa ajili ya wezi.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini alinificha mimi akamwambia Yudita. Alijibu bila kupepesa macho, "Ningekuambia, ungelizoea gari."

Na Kigoma hakwenda. Simu yangu aliipokelea Cheyo, kwa Yudita.

Yudita hakukana lolote. "Nilikuambia mimi ni mke mwenza," alisema. "Si ulicheka?"

Tuliachana. Gari alibaki nalo, kwa kuwa kadi ilikuwa na jina lake. Mama mdogo aliwaeleza ndugu alichokiona njiani, wakaniomba radhi. Mama aliye kaburini haombwi radhi.

Wasomaji wenzangu, hasa wanawake, nawasihi: gari la nyumbani kwako likifungwa kifaa kipya, nenda gereji ukamwulize fundi mwenyewe. Usiridhike na maelezo ya mwenye majivuno. Mila ya utani ni nzuri, lakini mtu akikuambia jambo lilelile kila siku huku anacheka, wewe cheka, kisha ukalichunguze.

Pikapu bado inapita hapa Isevya, Yudita akiwa kwenye usukani. Hupunguza mwendo akifika mlangoni kwangu, nami husikia zile feni zikivuma vizuri kabisa.