Mkwe wa Wodini

Kuku mmoja alichoropoka tengani mwa mfugaji kijana, akapenya katikati ya umati wa sokoni na kulirarua gauni la manjano la dada mmoja.

"We kaka! Kuku wako ana wazimu?"

"Ana macho tu, dada. Kaona mrembo."

Dada akacheka, na mfugaji kwisha habari yake.

Yule dada alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini. Simu zikawa haziishi.

"Umelala, laazizi?"

"Nimelala. Huyu anayeongea ni mzimu wangu."

Siku mpimaji alipomtembelea mfugaji bandani, alimkuta akikoroga antibayotiki kwenye maji ya kuku wa nyama.

"Wanaumwa?"

"Wazima. Nawakinga."

"Unawazoesha vimelea dawa, mpenzi. Vikihamia kwa mtu, atatibiwa na nini?"

"Umekuja kunipenda au kunikagua?"

Mpimaji alichukua mkoba wake, akaenda zake. Mfugaji alimezwa na kiburi, hakupiga simu.

Wiki chache baadaye mama yake mfugaji, aliyekuwa akimsaidia kuchinja na kunyonyoa, alishikwa na homa na kuhara. Alilazwa, akachomwa sindano juu ya sindano. Ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Mpimaji akaja koridoni na koti lake jeupe, macho mekundu.

"Ni bakteria aina ya salmonela, imeingia kwenye damu. Kila dawa tuliyo nayo inaigomea."

"Hata ile ya..."

"Hata ile ya kuku wako."

"Kumbe nimemuua mama yangu."

"Siwezi kuapa kwamba imetoka bandani kwako."

"Usinionee huruma!"

"Sikuonei. Sijui, na nakupenda."

Mama alikata roho mchana, kashika mkono wa mpimaji. "Mkwe wangu," alikuwa amenong'ona, "mwanangu ana kichwa kigumu. Usimwache peke yake."

Baada ya mazishi mfugaji alijifungia, simu kazima. Mpimaji alimfuata, kavaa nguo nyeusi, kajitanda khanga, akaketi kando yake kizingitini.

"Mama alikuita mkwe," mfugaji alisema, macho chini.

"Nikaitika."

"Ulitaka tu afe kwa amani."

"Nisingemdanganya mtu anayekufa."

"Basi nikikuuliza mimi?"

"Nitaitika. Ila leo usiniombe nifurahi. Na mimi nilimpenda."

Ndipo mfugaji, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, alipouangusha uso wake begani kwake na kulia kwa sauti.